Kabla ya Kuziba Tundu, Mjue Aliyepita

Jana jioni vifaranga walikuwa kumi na mmoja. Leo asubuhi ni wanane. Iwe Chuno, Likombe au Magomeni hapa Mtwara, iwe Mtanda kule Lindi mjini, jibu huwa moja na hutoka kabla swali halijaisha: kicheche! Jirani mmoja ataleta mtego, mwingine sumu, wa tatu atasema fuga mbwa. Mara nyingi kicheche mwenyewe hahusiki kabisa, na tundu linalozibwa siyo alilopitia mwizi. Kesho yake wanabaki sita.

Ua wa kawaida wa pembezoni mwa mji, wenye mkorosho mmoja au miwili, minazi, mwembe, mbaazi kidogo na kabanda ka kuku, una wawindaji zaidi ya kumi, na wanafanya kazi kwa zamu. Kila mmoja ana saa yake, njia yake na namna yake ya kula, na kila mmoja huacha alama. Sisi tunaofuga kuku wa kienyeji huku Kusini tumeyajua haya kwa kupoteza. Tunayaandika ili mwingine aanze na kusoma alama, misumari na wavu vifuate baadaye.

Swali la kwanza ni saa. Hesabu vifaranga mara tatu kwa siku: unapofungulia, saa saba mchana, na unapofungia jioni. Andika kwa mkaa kwenye mlango wa banda, usitegemee kichwa. Wakipungua kati ya kufungulia na saa saba, usihangaike na kuta za banda, maana mwizi hakupita huko. Wakipungua usiku, usitazame angani. Swali la pili: kuna mabaki? Na la tatu: ameondoka mmoja, au wamekufa wengi na kuachwa hapo hapo?

Kuna swali jingine ambalo watu hulisahau, nalo ni kama kuku aliuawa au alikufa mwenyewe. Ugonjwa wa mdondo (kideri) ukipita mtaani, kuku hufa usiku, paka akaja kujilia mzoga, asubuhi paka akapigwa mawe. Chana ngozi ya shingoni na kifuani kwa wembe. Kuku aliyeumwa akiwa hai huwa na damu iliyovilia chini ya ngozi palipoingia meno. Aliyeliwa baada ya kufa, matundu ya meno yapo lakini nyama kandokando ni safi. Hapo tatizo lako siyo wavu, ni chanjo. Ile ya I-2, chanjo ya mdondo, hutiwa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na mfugaji asiyeitoa anajenga ngome ya kulinda wagonjwa.

Tuanze na zamu ya mchana, maana mwenye zamu hiyo ndiye anayechukua wengi. Mwewe wetu ni yule wa kahawia mwenye mdomo wa njano na mkia wa panda unaopinda huku na huku kama usukani wa mashua. Ukimwona Shangani au Mikindani anaokota matumbo ya samaki, usidhani hakuhusu. Kuanzia kama saa tatu asubuhi, jua likishapasha ardhi na hewa ikaanza kupanda, hupanda nayo, akaenda ndani kukagua nyua za watu. Hapigi mbizi kutoka juu kama kozi. Hupita mara moja kwa juu kama asiye na haja, kisha hurudi chini kwa chini kutoka nyuma ya paa, anateleza bila kupiga bawa, anachota kwa miguu bila kutua, na hula huku anaruka. Ndiyo maana hapaachwi unyoya wala tone la damu. Kifaranga aliyepotea mchana bila alama yoyote, mshukiwa wa kwanza ni huyu. Hatari ni kubwa tangu siku ya kwanza mpaka wiki ya nne hivi. Kuku mkubwa humwacha.

Sasa mtazame kuku mwenye vifaranga pale kivuli kinapopita, kwa sababu yeye anajua mapema kuliko wewe. Anasimama ghafla, mguu mmoja umebaki hewani. Kichwa anakilaza upande, jicho moja likielekea juu, lile jingine chini. Kisha anatoa sauti nyembamba, ndefu kidogo, kama mluzi uliobanwa kooni. Vifaranga hawamkimbilii mama. Kila mmoja huingia chini ya kitu kilicho karibu naye zaidi, jani, kifuu, ndoo, akaganda hapo. Sauti ya hatari ya chini ni tofauti kabisa: ni ile kelele kubwa ya kukatakata, ko-ko-ko-kodaa, kuku amenyoosha shingo na anatembeatembea. Hiyo ni ya nyoka, nguchiro, paka au kenge. Mtu aliyezitofautisha sauti hizi mbili akiwa jikoni anajua kama atoke akitazama juu au akitazama miguuni. Hakuna kifaa cha dukani kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kwa kuwa kifaranga hukimbilia kilicho karibu, kinga ya kwanza ni kuhakikisha kipo kitu karibu. Ua uliofagiwa ukang'aa ni sifa ya nyumba, lakini kwa kifaranga ni uwanja wa mauti. Fagia mbele ya nyumba upendavyo. Nyuma, acha maficho yasiyopishana zaidi ya hatua mbili au tatu: shina la mchaichai, muhogo uliopandwa kwa kusongamana, makuti mawili yaliyoegemezwa ukutani, kichanja kifupi cha fito. Maficho yawe na uwazi wa kiganja kimoja kutoka chini. Yakiwa yamebana mpaka ardhini, kifaranga hapiti, na yakiwa juu mno, kunguru naye huingia.

Wiki sita za kwanza, tumia tenga, lile kapu kubwa la kufunikia. Chagua lenye kipenyo cha karibu mita moja, mdomo umekaa sawasawa chini, na liwekee jiwe juu maana mbwa hulipindua. Mama na vifaranga wakae ndani, chombo cha maji kiwe kizito na kifupi, na tenga lihamishwe kufuata kivuli angalau mara tatu kwa siku. Kosa linaloua vifaranga ndani ya tenga siyo mwewe, ni jua la saa saba.

Anayetaka eneo kubwa zaidi atumie nyavu chakavu za wavuvi. Pwani hii hazikosekani na bei yake ni ndogo. Tundu la inchi mbili au tatu linatosha kumzuia mwewe, ila halimzuii mwingine yeyote, kwa hiyo ni kinga ya mchana tu. Kwa eneo la mita 4 kwa 3, simika nguzo za urefu wa mita 1.8, pitisha kamba kila baada ya mita moja, kisha laza wavu juu yake. Bila kamba hizo, majani ya mkorosho yatajaa, wavu utalegea mpaka kichwani mwa kuku, na mwewe atachota kupitia hapo hapo. Pembe za wavu zisiguse ardhi, kwani miguu ya kuku hunasa, na usiku hunasa nyoka, nawe hutaki kumkuta asubuhi akiwa hai na hasira. Kanda za kaseti na sidii zinazometameta hutisha kwa siku chache tu. Mwewe akishazizoea huzipita kama minazi.

Msaidizi wa bure yupo, naye ni mramba, ndege mweusi mdogo mwenye mkia wa panda anayekaa kwenye waya wa umeme. Akiwa na kiota karibu, mwewe hapumziki: mramba humpanda mgongoni, humdonoa, humsindikiza mpaka mbali. Ni mjanja pia. Kusini mwa Afrika imechunguzwa vizuri namna anavyoiga milio ya hatari ya ndege na wanyama wengine ili waangushe chakula, aokote. Wakati mwingine basi kelele yake ni ya uongo. Hata hivyo usimfukuze, na usikate tawi lenye kiota chake.

Kunguru anataka mayai kuliko vifaranga, ingawa kifaranga wa siku mbili hamwachi. Huyu wa kwetu mwenye kifua na shingo nyeupe huingia bandani kwa miguu, kwa utulivu, mama akiwa ametoka kula. Alama yake ni yai lenye tundu moja la mdomo, na maganda chini ya mti mita ishirini kutoka bandani. Yule mwembamba wa kijivu na mweusi wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 akasambaa pwani ya Afrika Mashariki, ana ujasiri zaidi. Dawa yao ni giza. Weka viota vya kutagia ndani kabisa, mlangoni ning'iniza kipande cha gunia kilichochanwa michirizi, na okota mayai kabla ya saa nne. Kuku huingia bila wasiwasi. Kunguru hapendi kuingia asipoona njia ya kutokea. Na shimo la taka lifunikwe, kwani kunguru huja kwa ajili ya taka kwanza, mayai huyaona baadaye.

Kipanga ni habari nyingine. Duara la manyoya yaliyonyofolewa chini ya mti ni lake, na mara nyingi aliyeliwa ni tetere au njiwa wako wa kufuga, siyo kuku. Yupo mmoja mkubwa wa kijivu, uso wa njano, miguu mirefu, ambaye hupanda mnazi kama mtu, akaning'inia kwenye viota vya mnana, wale ndege wafumaji, huku anaingiza mguu ndani kutoa makinda. Goti lake hupinda pande zote mbili, ndiyo maana hakuna tundu linalomshinda. Mnana wanajua. Huchagua ncha kabisa ya kuti, wakavua majani yote kandokando ili nyoka asipate pa kushika. Ukiona kuti limebaki uti mtupu na viota vinaning'inia, ujue hizo ni kazi za ulinzi, siyo uharibifu.

Chini, mchana, anatembea nguchiro. Wako wa aina mbili hapa. Mmoja ni mwembamba, anatembea peke yake, na ncha ya mkia ni nyeusi kama iliyochovywa kwenye wino. Huyo ndiye mwizi wa vifaranga, na hupita kwenye pengo ambalo wewe huwezi kuingiza ngumi. Mwingine ana miraba mgongoni, hutembea kundi zima wakiongea kwa sauti ndogo, wanafukua mende na jongoo. Akipata yai hulitupa nyuma kupitia katikati ya miguu likapasuka kwenye jiwe. Maganda yaliyosambaa chini ya jiwe au ukuta ni kazi yake. Na kicheche halisi, mweusi mwenye mistari myeupe, hutoka usiku, chakula chake kikubwa ni wadudu na panya, na ukimbana hunyunyiza harufu utakayoisikia wiki nzima. Anaweza kumla kifaranga akimkuta nje, lakini amebebeshwa makosa ya wote.

Usiku mwenye madhara makubwa ni kanu. Ni kama paka mwembamba mwenye madoa, mkia mrefu wa pete pete. Hapiti chini, hupita juu. Anapanda mkorosho, anashuka kwenye paa, anatafuta pengo kati ya ukuta na bati. Asubuhi unakuta kuku watano wamekufa, wameumwa shingoni, mmoja tu kaliwa kichwa na kifua. Watu husema huu ni uchawi, maana mnyama gani anaua asile? Siyo uchawi wala uovu. Porini mawindo hukimbia, mwindaji akabaki na mmoja. Bandani hawana pa kukimbilia, wanaruka na kupiga kelele mbele ya uso wake, naye huendelea kuuma kila kinachotikisika. Paka shume hafanyi hivyo. Huchukua mmoja mmoja, huenda naye pembeni, huacha mabawa na miguu.

Fungo, binamu mkubwa wa kanu, watu humhofia kwa sababu ya ukubwa wake, lakini hapandi vizuri na hana uwezo wa kuvunja mlango uliofungwa. Ukikuta pembeni mwa ua mahali pamoja penye kinyesi kingi, kimejaa pete za jongoo na mabaki ya matunda, hicho ni choo chake na amekuwa akipita siku nyingi. Kama kuku wako wapo wote, mwache na jongoo wake.

Sasa wavu, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Wavu wa kawaida wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Haumzuii mwindaji asiingie. Waya wake ni mwembamba, paka hupitisha mkono, na kwa nyumba zilizo karibu na bahari upepo wa chumvi huuozesha mapema. Nunua wavu wa mraba uliochomelewa, tundu la nusu inchi, uliopakwa zinki. Ni ghali, kwa hiyo usiuweke banda zima. Weka sentimita 60 za chini kuzunguka banda, na weka pengo lote la juu kati ya ukuta na paa. Katikati tumia mabanzi, fito zilizobanana au udongo.

Chini, kunja wavu kama herufi L uelekee nje, sentimita 30, ufukie kidogo na uweke mawe juu. Wengi huukunja ndani, au kuuzamisha wima tu. Mnyama anayechimba huanza palepale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta waya chini ya makucha hujaribu kushoto, hujaribu kulia, hafikiri kurudi nyuma hatua moja. Ukiukunja ndani, atachimba chini ya ukuta, apite chini ya wavu na kuibukia ndani. Pigilia kwa msumari uliopitishwa kwenye kizibo cha soda kilichobondwa. Kizibo hukamata nyuzi kadhaa za wavu kwa pamoja, msumari mtupu hukamata mmoja, na mmoja huo hukatika.

Mlango ndio udhaifu wa mabanda karibu yote. Mbao hukauka kiangazi, zikajipinda, pengo likafunguka chini. Pima kwa mkono wako: ngumi ikipita, kanu anapita, vidole vitatu vikipita, panya buku anapita, kidole gumba kikipita, panya wa kawaida anapita. Pigilia utepe wa mpira wa gari chini ya mlango, na kizingiti kiwe cha jiwe au simenti. Weka makomeo mawili, juu na chini, kwa sababu komeo moja la katikati huacha kona ya chini ibonyee mtu au mbwa akiisukuma.

Banda la kuinuliwa ni bora zaidi kwa mwenye kuku wasiozidi ishirini. Miguu iwe na urefu wa mita moja, kila mguu uvishwe bati laini la sentimita 40 ili panya na nyoka wateleze, na uzamishwe kwenye kopo lenye oili chafu kwa ajili ya siafu. Mambo matatu huharibu kazi hii yote: ngazi iliyosahauliwa usiku, tawi au jani la mgomba linalogusa ukuta, na kopo lililojaa vumbi na majani mpaka likawa daraja. Safisha makopo kila wiki. Mvua ikinyesha, maji hukaa chini ya oili na kuimwaga nje, ikapotelea ardhini. Weka kifuniko cha bati juu yake kama mwavuli.

Panya ndio mzizi wa mengi. Huchukua vifaranga wa wiki ya kwanza kutoka chini ya bawa la mama, wakati mwingine huacha miguu tu kwenye mdomo wa shimo. Panya buku, yule yule anayefundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, akiwa uani kwako hubeba mayai pia. Huku kwetu kuna msimu wao. Mabibo yakianza kuanguka, na korosho zikawekwa ndani kwenye magunia, chakula kinakuwa kila mahali. Lundo la mabibo yaliyobaki baada ya kung'oa korosho, au baada ya kukamua uraka, ile pombe yake, likilala nyuma ya nyumba siku tatu, panya wamefika. Wakishafika panya, nyoka yuko njiani. Watu huona nyoka bandani wakadhani amefuata kuku. Mara nyingi alifuata panya, na kuku alikutana nao tu. Kwa hiyo mabibo yafukiwe au yapelekwe mbali siku hiyo hiyo, pumba ikae kwenye pipa lenye mfuniko, korosho ziwe juu ya vichaga na siyo kugusa ukuta.

Hapa tuseme wazi kuhusu bundi. Akilia juu ya paa watu hufukuza, wengine huua, kwa hofu tunayoijua wote. Yule bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo hula panya usiku kucha, na anapolea makinda hubeba panya mfululizo mpaka alfajiri. Kuku waliofungiwa bandani hawagusi. Anayemuua bundi na kuua kila nyoka asiye na sumu, kisha akaweka sumu ya panya, anajitengenezea mzunguko mbaya: panya aliyekula sumu hafi hapo hapo, hutembea taratibu kwa siku kadhaa, akaliwa na paka wako, au na bundi aliyebaki. Panya huzaliana upesi kuliko wote hao, na baada ya miezi michache wanarudi kwenye ua usio na mlinzi. Mtego wa kubana uliowekwa kandokando ya ukuta, mdomo wake ukitazama ukuta, ni bora. Panya hutembea akigusa ukuta, hapiti katikati.

Kenge huja mchana wa jua kali, hasa kwenye nyua zilizo karibu na mabondeni au mikoko. Huacha mburuzo wa mkia kati ya nyayo, na viota vinakutwa vitupu, mayai hayapo wala maganda hayapo, maana humeza mazima. Usimkamate mkia. Anapiga nao kama fimbo, na meno yake hushika bila kuachia. Ukiweka wavu wa chini kama ulivyoelezwa, atazungukazunguka na kuondoka.

Nyoka huacha alama moja isiyo na shaka: kifaranga mkubwa kiasi, amekufa, mzima, kichwa na shingo vimelowa mate. Alijaribu kumeza, kikawa kikubwa, akakiacha. Ukikuta hivyo usiingize mkono kwenye kiota wala chini ya mbao. Swila wa huku hutema sumu. Urefu wake ni kama mita moja, shingoni chini ana mabaka meusi, na hulenga uso kutoka mita mbili au tatu. Anapenda vyura, panya, vifaranga na mayai, na mara nyingi hukutana na mtu usiku mlangoni mwa banda. Nenda na tochi kali, vaa miwani ya aina yoyote, simama mbali, fungua mlango kwa mti mrefu. Sumu ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, usisugue, usitie dawa ya majani, kisha hospitali. Ameuma? Usichanje, usifunge kamba ya kukaza, usipoteze saa na jiwe la nyoka. Mguu utulie, mgonjwa asitembee, apelekwe. Chatu akiingia, waite maafisa wanyamapori wa halmashauri. Kumuua bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Juu ya mwembe wapo nyoka wa kijani, na mmoja wao ana sumu kali sana. Hana haja na kuku wako, anakula ndege wa mtini na panya. Ndege wanaoitwa shore wakikusanyika wakapiga kelele mahali pamoja, wote wakitazama tawi lile lile, usipande mwembe huo siku hiyo.

Siafu hawaogopi wavu wala komeo. Hufika baada ya mvua, usiku, na kuku anayeatamia hanyanyuki. Hubaki juu ya mayai mpaka wamfunike. Ukisikia kuku wanatapatapa bila kelele ya kawaida, fungua mlango kwanza, watoe nje gizani, hata kama utawatafuta asubuhi. Usimwage maji. Kata mstari wao kwa majivu ya moto mbali na banda, upande wanakotokea. Wakishapita, nyumba haina mende, haina nge, haina panya wachanga, na ndiyo sababu wazee wengi huwapisha nyumba nzima, wakalala barazani mpaka wamalize.

Wapo wengine wenye faida kubwa zaidi kwa mkoa huu. Inua macho kwenye mkorosho: majani mabichi yameshonwa pamoja kama mfuko, kwa hariri nyeupe. Hao ni maji moto. Sogea karibu, bila kugusa shina. Wanne wamemshika mdudu mwembamba mwekundu-njano, mwenye vipapasio virefu na kijisindano kilichosimama mgongoni. Mmoja kashika kipapasio, wawili miguu, mmoja tumbo, wote wanavuta pande tofauti mpaka ananyooka kama ngozi ya ngoma, kisha wa tano anafika na kumkata. Huyo aliyenyooshwa ni mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi na maua mpaka yakawa meusi. Hao hao maji moto huwinda kunguni wa minazi anayeangusha nazi changa. Salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, kazi yake ni kuua ukungu, lakini dawa ya wadudu haichagui: ukimpulizia mbu unawaua na maji moto, na mbu hurudi kwanza. Kwenye mti wenye viota hai vya kutosha, acha pampu chini. Funga kamba au fito kutoka mti hadi mti ili wavuke bila kushuka ardhini, kwa kuwa chini wanakutana na sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa, ambao huwashinda na kuwafukuza mtini. Kuchuma korosho kwenye mti huo kunauma, ni kweli. Vaa mikono mirefu, paka majivu mikononi na shingoni.

Mwishoni mwa Novemba au Desemba, mvua ya kwanza ya maana ikishanyesha, kumbikumbi hutoka. Mwewe, kunguru, mramba na mbayuwayu hula hewani, kuku na vifaranga hula chini, mwanamke na watoto wake wanakusanya kwenye beseni la maji chini ya taa, na kwa saa moja mwewe haoni kifaranga hata akipita juu yake. Usiku huo vyura hufika kula waliobaki, na nyuma ya vyura huja swila. Zima taa ya uani mapema, fagia mabawa mbali na mlango wa banda, na kwa siku tatu zinazofuata usitoke usiku bila tochi.